Presha si Ugonjwa wa Wakubwa



Hapa Mlali, na kote wilayani Kongwa, wako watu wasemao kwamba shinikizo la damu, yaani presha, ni ugonjwa wa wakubwa: watu wa ofisini, wenye magari na vitambi. Mkulima wa jembe la mkono, wasema, haumpati. Maneno hayo yanaua watu, na yafaa tuyakatae hadharani.

Ni kweli wakubwa huugua. Rais Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa mshipa wa damu kupasuka kichwani, na siku hizo madaktari hawakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Lakini uchunguzi wa Ilala, Dar es Salaam, na vijiji vya Hai, Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba hata huko Hai zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha. La kutisha zaidi ni hili: katika kila wagonjwa watano, hata mmoja hakutimia aliyejua kwamba anaumwa. Na ambao presha yao ilikuwa imetulizwa hawakufika mmoja katika mia.

Kwa nini hawajui? Kwa sababu presha haina kelele. Damu husukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa hukakamaa, na moyo, figo na ubongo huharibika polepole, mwenyewe akiendelea kulima na kucheka. Siku moja mkono walegea, mdomo waenda upande, na jamaa wasema amerogwa. Wanamzungusha kwa waganga, na saa za kumwokoa zinapita. Kiharusi mara nyingi ni mtoto wa presha. Kikimpata mtu msimu wa kupanda, shamba limepoteza mikono minne: miwili yake, na miwili ya mke au binti anayebaki nyumbani kumwuguza.

Sisi wa Kongwa tunayo historia ya kutufundisha. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta kwa mpango mkubwa wa karanga. Hawakupima sawasawa mvua wala udongo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya paundi yakawa yamepotea. Asiyepima huvuna hasara, na mwili ni vivyo hivyo. Kupima presha ni kazi ya dakika chache: mtu hukaa, hupumzika dakika tano, hufungwa mkanda wa kipimo mkononi. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha.

Na baada ya kupima? Mkulima aliyeshinda na jembe hana haja ya kuambiwa akimbie. Ushauri huo ni wa karani, mwenye duka na kijana wa bodaboda, ambao yawapasa kutembea kwa miguu walau nusu saa, siku tano kwa juma. Adui wa mkulima yumo chunguni. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote. Je, nyama ya mnadani twaichovya katika chumvi kiasi gani? Magadi ya kwenye mlenda nayo yana sodiamu kama chumvi, yapunguzwe. Mlenda wenyewe, kunde na ugali wa uwele ni chakula chema, tusivionee haya. Pombe ipunguzwe, tumbaku iachwe.

Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa anajisikia mzima. Hata kabla ya kupimwa alijisikia mzima!

Lakini tusimtwishe mgonjwa mzigo wote. Ni wajibu wa viongozi kuhakikisha zahanati ina kipimo kizima na dawa kila mwezi, maana mtu akienda mara tatu akakosa dawa, mara ya nne haendi. Katika mkutano ujao wa kijiji jambo hili lizungumzwe kama tuzungumzavyo mbegu na maji. Na sisi tunaosimama kuwahutubia watu tuwe wa kwanza kutoa mkono upimwe.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ndugu zangu, tupime sasa.