Yule Dada wa Kibondo Alienda Wapi?

Nimechoka na ugomvi wetu kuhusu chombezo, maana kila mara unarudi ule ule. Anaibuka mtu wa maadili anasema simulizi za kikubwa zinaharibu watoto na kuchafua Kiswahili, anatukumbusha kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anaondoka. Anakuja wa pili anasema waacheni watu wazima wasome wanachotaka, kwani nyie usiku huwa mnafanya nini? Watu wanacheka, wanagonga kopa, mjadala unakufa. Wote wawili wanagombania nguo: avuliwe au asivuliwe. Hakuna anayeuliza anayevuliwa ni nani na kesho yake anaamkia wapi.

Mimi nauliza kwa sababu mara nyingi anayevuliwa ni wa kwetu.

Kama unasoma hizi simulizi (na unasoma, tusidanganyane) unamjua dada wa kazi. Anafika mjini sehemu ya kwanza, na begi lake la Shangazi Kaja. Ametoka mkoani. Mkoa wenyewe ukitajwa utakuta ni Kigoma, Iringa, Singida, na mwandishi akitaka kuongeza ushamba kidogo anataja wilaya kabisa: Kibondo, Kasulu. Hajui kuwasha jiko la gesi. Kiswahili chake kinachekwa. Sehemu ya tatu baba mwenye nyumba anamwona akipiga deki. Sehemu ya tano inafungwa, ukitaka ya sita tuma buku kwenye namba hii. Sehemu ya kumi mama mwenye nyumba anafumania, dada anafungashiwa virago, hadithi imeisha. Wiki inayofuata mwandishi yule yule anaanza nyingine. Nyumba ile ile ya Mbezi, kochi lile lile, geti lile lile jeusi, na dada mwingine kutoka mkoani.

Sasa yule wa kwanza alienda wapi?

Nimezaliwa Kibondo, ninafanya kazi ya uandishi wa habari Kasulu, nina miaka thelathini na minne. Nimewaona hawa dada wakipanda basi alfajiri kwenye baridi ya huku kwetu, wamejifunika kitenge mpaka puani, na nimewaona wakirudi. Wengine wanarudi na mabati ya nyumba ya mama. Mwingine anarudi na mtoto ambaye baba yake hatajwi. Mwingine ana simu nzuri na kicheko kipya, na shangazi zake hawajui wamwulize nini. Kurudi kwao kuna hadithi kubwa kuliko kuondoka, ila kwenye chombezo hakuna anayerudi. Dada anashushwa Mbezi kwenye stendi ya Magufuli kama mzigo usio na risiti, anatumika sehemu kumi, anafutika.

Ndiyo maana nasema tatizo la chombezo zetu siyo ngono. Ngono iandikwe, tena iandikwe vizuri. Tatizo ni kwamba watu wake hawana jana. Mwandishi mmoja anaweza kuwa na simulizi hamsini na katika zote hamsini hakuna mtu mmoja aliyewahi kukutana na mtu wa simulizi nyingine, wakati wanakaa nyumba moja.

Hili la wahusika kurudi ni la zamani mno. Balzac huko Ufaransa alilianza kwa makusudi mwaka 1835 katika Le Père Goriot: mtu uliyemwona akiwa kijana maskini unakuja kumkuta kwenye kitabu kingine ana cheo na tumbo. Kwetu hapa, Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960 na akaendelea naye kitabu baada ya kitabu, Najum akiwa pembeni. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba. Lakini hao ni wapelelezi, utasema. Kurudi ni kazi yao, kesi ikiisha inakuja nyingine. Sawa. Tuwaendee wa kitandani.

Anaïs Nin aliandika hadithi za ngono miaka ya 1940 kwa mteja asiyejulikana aliyelipa dola moja kwa ukurasa. Soma tena hapo: dola moja kwa ukurasa. Huyo mteja ndiye babu wa grupu zetu za WhatsApp. Na kama wateja wetu, alikuwa na malalamiko: punguza mashairi, fika kunako. Nin alimchukia na alimwandikia kumwambia hivyo. Hadithi zilikuja kutoka kitabuni mwaka 1977, mwaka aliofariki, kwa jina la Delta of Venus, na ukizisoma mfululizo unagundua jambo ambalo mteja hakulilipia. Wanawake wanarudi. Bijou anapita kutoka hadithi moja kwenda nyingine, Elena na Leila vilevile, Paris ni ile ile, vyumba vya wachoraji ni vile vile. Mwanamke uliyemjua kama mwili katika hadithi moja, katika nyingine ana marafiki, ana wivu, ana mtu anayemkumbuka. Nin alikuwa na njaa ya hela kama mwandishi yeyote wa chombezo wa Tabata, na mteja wake alitaka nyama tupu. Bado akawapa watu wake mahali pa kukutana. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba soko haliruhusu.

Na wala hatuhitaji kwenda Paris. Ben R. Mtobwa alikuwa mtu wa mkoa huu wa Kigoma, amezaliwa 1958, amefariki 2008, na kizazi cha wazazi wetu kilimsoma kwa kuficha kitabu ndani ya daftari. Walikuwa wakitafuta nini humo? Risasi, ndiyo, lakini tuseme ukweli, walikuwa wakitafuta pia kurasa za Joram Kiango na wanawake wake. Kurasa hizo ni fupi. Mtobwa anafunga mlango mapema kuliko tunavyokumbuka. Ila zinachoma, na nimejiuliza sana kwa nini zinachoma wakati chombezo ya leo inayoeleza kila kiungo haichomi. Jibu langu ni Neema Iddi. Neema yuko ofisini kwa Joram, anamjua, anamngojea, anamkasirikia, kitabu hiki na kingine. Halafu katika Tutarudi na Roho Zetu? ya mwaka 1987 kuna Nuru. Msomaji anayemjua Neema hawezi kumwangalia Nuru bila hesabu fulani kichwani. Anapomshika Joram mkono, msomaji ndiye anayeshtuka. Mapenzi hayo yana uzito kwa sababu yana historia, na historia hiyo imewekwa na vitabu vilivyotangulia. Hata Inspekta Kombora, mzee wa watu, ambaye hahusiki na kitanda cha mtu, uwepo wake kila mara unatuambia kwamba huu ni mji mmoja, watu wanaonana, na ulichofanya jana kuna anayekijua.

Walimu wetu wa chuo waliviita vitabu hivi riwaya pendwa, kwa ile sauti ya mtu anayeshika soksi ya mwenzake kwa ncha za vidole. Vya burudani tu, wakasema. Wahusika bapa, matukio ya kubahatisha. Mimi nilijibu mtihani hivyo hivyo na nikapata B. Wahusika bapa? Mtu ambaye wasomaji walimtafuta kwenye meza za magazeti kitabu hadi kitabu, kwenye miaka ya 1980 ambayo karatasi yenyewe ilikuwa shida, huyo siyo bapa kwa waliomtafuta.

Lakini Mtobwa naye nina neno naye. Joram hazeeki. Wanawake ndio wanaobadilishwa. Yeye anabaki na koti lake na ujanja wake. Kumbukumbu ya mfululizo mzima iko upande wa mwanamume: wanawake ni miaka inayopita, yeye ni kalenda. Halafu kitanda chake kiko mjini. Makao ya Joram ni Dar, na Mtobwa alipotaka kuandika watu wa usiku wenyewe mwaka 1990 alikiita kitabu Dar es Salaam Usiku. Na Kasulu je, haina usiku?

Hapa ndipo ninapokuwa mkali, mnisamehe. Tumekubali sote, wa maadili na wa chombezo, kwamba tamaa ni kitu cha Dar. Mtu wa mkoani anakuja nayo mjini bila kujijua, mjini ndiko inakofunguliwa kama soda. Huko kwao kuna jembe, kuna mama mgonjwa, kuna padri. Kezilahabi alishakataa ujinga huu mwaka 1971. Rosa Mistika inaanzia Namagondo, Ukerewe, kijijini kwake mwenyewe, na barua ya mapenzi inayoleta kipigo haikuhitaji taa za Magomeni. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kusomeshwa humo humo. Miaka zaidi ya hamsini imepita na mwandishi wa simulizi bado anampandisha msichana basi kabla hajamruhusu kutamani chochote.

Hebu nikutajie ninachokiona mimi dirishani. Kasulu ina gesti. Ina mfanyabiashara wa maharage anayelala humo siku mbili kila wiki, chumba kile kile, na mhudumu anayejua anapenda maji ya kuoga yawe ya moto kiasi gani. Ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo, yaani kuna watu wamezaliwa humo, wamependa humo, wameachana humo, na kutoka nje ya geti kumwona mtu ni suala la kibali. Kibondo ina Nduta, iliyojaa tena Warundi mwaka 2015. Na zikaja gari nyeupe za mashirika, na vijana wenye vitambulisho shingoni na posho za siku, na baa za Kibondo zikawa na usiku mrefu ambao hakuna mwandishi aliyeuandika. Mikataba ya mashirika ikiisha, wale vijana wanaondoka. Wanawake wanabaki, wanajuana, wanasalimiana sokoni kwa ile salamu ndefu ya Kiha ya kuinama na kupigiana makofi, na kila mmoja anajua mwenzake alikuwa na nani mwaka gani. Huo peke yake ni mfululizo wa hadithi ishirini! Kirundi na Kiha vinasikilizana karibu neno kwa neno. Mwanamume wa kambini na mwanamke wa Kibondo wanaweza kutongozana usiku kucha bila mkalimani, ila asubuhi karatasi zinasema mmoja ni mgeni.

Mji mdogo ndio unaofaa kabisa kwa hadithi za namna hii, kwa sababu hauna pa kujificha. Dar unaweza kulala na mtu usimwone tena mpaka kiama. Kasulu utamkuta kesho kutwa kwenye foleni ya dawa, amebeba mtoto, na mumeo yuko nyuma yako. Mwandishi anayejua kazi yake hahitaji hata kumwandikia fumanizi. Anahitaji foleni ile ile, katika hadithi tatu, na majina yale yale.

Msusi mmoja hapa mjini, msomaji wa kutisha wa hizi simulizi, ananipa za kwake nisome akimaliza. Nilipomwuliza kwa nini anarudia kununua kwa mwandishi mmoja wakati hadithi zote ni moja, alisema anangoja labda siku moja yule Tamali wa ile simulizi ya mwanzo atatokea tena, kwa sababu aliondoka bila kulipwa mshahara wa miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimemsahau Tamali. Yeye amemwekea hesabu. Sehemu ya nane, baba mwenye nyumba anasema nitakulipa mwisho wa mwezi. Sehemu ya tisa, kitandani. Sehemu ya kumi, nje ya geti. Mwandishi hakuona kwamba amelaza deni. Msomaji wake aliliona, na amekuwa akituma buku buku akisubiri lilipwe.

Wanaosema wasomaji wa chombezo wanataka miili tu waende wakasuke pale.

Na wewe mwandishi, najua unasoma blogu hii kwa siri kama sisi tunavyokusoma kwa siri. Usinijibu kuhusu maadili, sijakuuliza. Sijakuomba upunguze chochote. Nataka unijibu kuhusu Tamali. Alitoka nje ya geti usiku, ana begi, hana nauli ya kurudi Kibondo. Nyumba ya pili kutoka hapo, kwa maandishi yako mwenyewe, anakaa mjane wa ile simulizi nyingine, yule mwenye duka la vipodozi, anayelala taa zikiwaka. Geti lake ni jeusi pia. Je, Tamali aligonga?