Mama Aliyekoma Kuzaa Naye Apimwe Presha

Naanza kwa kuomba radhi. Mimi ni kijana, sijafika miaka 30, na leo nataka kuzungumza juu ya kukoma hedhi. Kwa desturi zetu hili si jambo la kijana kulitaja mbele ya mama zake. Lakini mimi ni mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji, na kunyamaza kwangu kumekwisha kumdhuru mtu.

Mama huyo alikuwa na umri upatao miaka 55. Alikuja zahanati mara tatu kwa maumivu ya goti. Mara zote tatu nilimpa dawa ya maumivu, akaenda zake. Mashine ya kupimia presha ilikuwa mezani, wala sikumpima. Wakati ule niliitumia kwa wajawazito tu. Miezi michache baadaye alianguka shambani wakati wa palizi. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Majirani walisema amepigwa na jini. Haikuwa jini. Kilikuwa kiharusi, na tulipompima tulikuta presha iko juu mno.

Wengi wetu tunadhani presha ni ugonjwa wa wanaume wanene wa mjini. Kwa nini basi humpata mama anayeshika jembe kila siku? Tufuatane polepole, tutaelewa.

Mwanamke anapokuwa katika umri wa kuzaa, mwili wake hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni kama barua inayosafirishwa na damu. Lakini barua haifanyi kazi bila wa kuipokea. Mnamo mwaka 1958 mtaalamu Elwood Jensen, huko Chicago, Marekani, alianza kuonyesha kwamba zimo sehemu za mwili zenye vipokezi vya estrojeni. Mwaka 1996 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba wamegundua kipokezi cha aina ya pili. Leo tunajua kwamba vipokezi hivi havimo katika mji wa mimba na matiti tu, bali hata katika mishipa ya damu.

Kila mshipa wa damu una utando mwembamba wa ndani uliojengwa na chembe hai. Kipokezi kilichomo katika chembe hiyo ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Akipata barua kutoka ofisi ya kijiji, huwatangazia watu wake, nao hushika kazi. Vivyo hivyo, estrojeni ikifika, kipokezi huamsha chembe hai itengeneze gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo huulegeza msuli unaouzunguka mshipa. Mshipa hutanuka, damu hupita kwa urahisi, na presha hushuka. Tena husaidia kuzuia damu isigande ukutani mwa mshipa. Wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa.

Sasa hedhi ikikoma, na kwa wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hupungua sana. Wajumbe wapo, lakini barua haziji. Gesi hupungua, mishipa hukakamaa, na presha huanza kupanda. Ndiyo maana mwanamke ambaye ujanani alikuwa na kinga kuliko mwanamume wa rika lake, uzeeni humfikia na hata kumpita kwa presha. Aliyekoma hedhi mapema, kabla ya miaka 40, yumo katika hatari zaidi. Hali kadhalika aliyepata kifafa cha mimba, hata kama mtoto yule sasa naye ni mzazi.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusimrudishie mama estrojeni kwa vidonge? Jambo hilo limejaribiwa. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani, wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa. Baadhi walipewa estrojeni pamoja na homoni nyingine, na wengine vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliomeza homoni walipata kiharusi na saratani ya matiti zaidi ya wenzao. Daktari aweza kutoa homoni kwa sababu nyingine, kama vile joto kali la mwili linalowasumbua baadhi ya akina mama. Lakini si dawa ya kununua dukani ili kulinda mishipa.

Njia zilizo salama ziko mikononi mwetu. Kutembea na kufanya kazi za mwili huifanya mishipa itengeneze gesi ile ile. Tumbaku huipunguza, iwe ya kuvuta au ya kunusa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika dagaa na samaki wa chumvi. Presha ikionekana kuwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, fuata ushauri wa mganga. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia nafuu. Presha haina maumivu ya kukukumbusha.

Kwa maoni yangu, sisi waganga tumekosea. Tunamfunga mama mashine mkononi kwa sababu ya mtoto aliye tumboni, na akikoma kuzaa tunamsahau, kana kwamba mwili wake hauna kazi tena. Mimi sasa nampima kila mama aliyetimiza miaka 40, hata akija kwa jipu la kidole. Haichukui hata dakika tano.

Nawe mama, usingoje kuitwa. Ukifika zahanati, sema: "Mwanangu, nipime na presha." Nawe kijana, mpeleke mama yako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mshipa uliopasuka kichwani hakuna fundi wa kijijini awezaye kuujenga.