Hayo si Mapambo Tu, Msee

Wiki jana niliposti picha ya ukuta wa Darb-i Imam, kule Isfahan, Iran. Msee mmoja akaandika chini: "Safi, lakini walichora maumbo juu dini iliwakataza kuchora watu."

Hii story nimeisikia hadi nimechoka. Msikitini picha za viumbe hazikuingia, sawa. Lakini kwenye vitabu vya Waajemi watu wamechorwa tele, na farasi wao na karamu zao. Na hata kama ni kukatazwa, si fundi angechora tu majani aende nyumbani? Mbona ajitese na pembetano?

Maana pembetano ni balaa. Kila kona ni digrii 108. Kutanisha tatu upate 324, na mwanya wa 36 unabaki hapo unakucheka. Ya nne haiingii. Sasa leta umbo la pande 10, lenye kona za 144. Pembetano mbili na hilo moja: 360 kamili, hakuna mwanya. Mwaka wa 2007, Peter Lu na Paul Steinhardt waliandika kwenye jarida la Science kwamba mafundi walitumia maumbo 5 ya aina hiyo, pande zote urefu mmoja, na kwamba ukuta huo wa 1453 unakaribia sana mpangilio usiojirudia ambao Roger Penrose alikuja kuupata miaka ya 1970. Yaani zaidi ya miaka 500 baadaye!

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mnajua niko upande gani. Mathe bado huniuliza nitarudi lini. Jibu langu huwa lile lile: fundi hahitaji msomi.

Halafu nikakutana na Abu al-Wafa al-Buzjani. Huyu alikuwa mwanahisabati wa Baghdad, karne ya 10, na aliandika kitabu kizima cha jiometri kwa ajili ya mafundi. Anasimulia kikao ambacho mafundi na wasomi waliulizwa swali moja: una miraba 3 iliyo sawa, itengeneze iwe mraba mmoja mkubwa. Wasomi wakapata urefu wa upande bila shida, lakini pa kukata hawakujua. Mafundi wakakata. Kwa macho kazi ilikuwa safi kabisa, kumbe njia zao nyingine vipimo havilingani. Abu al-Wafa akawakosoa wote wawili, kisha akaonyesha njia unayoweza kuikata na pia kuithibitisha.

Sitaficha, nilitaka sana mafundi washinde. Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.

Tangu jana nimekata boksi la viatu vipande vipande nikijaribu bila kuangalia jibu lake. Mathe amepita mara mbili, ameniangalia, hajasema kitu. Mraba bado hautoki.