Jina ya bibi si mzigo wa kuacha ku kiwanja cha ndege

Asubuhi, ku mlango wa komine zetu, kunakuwa kila mara watu wenye kusimama na bahasha mkononi. Kati yao kuko bibi ambaye bwana yake iko Ubelgiji, kuko bwana ambaye bibi yake iko Canada. Wanatafuta akte ya ndoa ili waende kuikala pamoja. Mahari ilishatolewa, kanisa ilishabariki, picha ziko ndani ya simu, pengine hata mtoto alishazaliwa. Lakini kule ambasade picha haitoshi. Wanasoma majina. Na pale njo shida inaanzia.

Wandugu wasomaji, tuseme wazi: ndoa ya kweli inaweza kukataliwa sababu tu jina ya mtu moja iliandikwa namna tatu.

Tutoe mfano. Mwanamke alizaliwa 1976. Ku akte yake ya kuzaliwa waliandika Ilunga Mwamba, bila prénom, sababu tangu 1972 Mobutu alikuwa amekataza majina ya kikristo. Lakini ku kanisa alibatizwa Marie. Kisha 1990, wakati utawala ulilegea, watu walirudilia prénom zao, na diplome yake ikatoka Ilunga Mwamba Marie. Siku ya ndoa, karani mwenye haraka akaandika Mwamba Marie. Ku pasipoti ikawa Ilunga Marie. Hapa kwetu hakuna mtu wa kushangaa, jirani wote wanamujua. Lakini kwa mtu wa viza, aliye na karatasi tu mbele ya macho, hawa ni wanawake wane.

Tena majina yetu hayatembei kama ya wazungu. Kwetu kuko jina, postnom na prénom. Ku formulere za inje, mara nyingi kuko nafasi mbili tu: jina ya jamaa na prénom. Postnom itaingia wapi? Moja anaiweka huku, mwingine anaiweka kule. Kisha baba anaitwa hivi, mama hivi, na mtoto wao anabeba jina ya babu. Watu watatu wa nyumba moja, majina matatu. Kwetu ni heshima kwa wazee. Kwa mgeni ni mashaka. Inayoondoa mashaka ile ni akte ya kuzaliwa ya mtoto, yenye majina ya wazazi wote wawili, yakiandikwa sawasawa na pasipoti zao.

Katika shida hii wanaingia wale wanaojiita wenye kujua. Wanasimama karibu na maofisi na kumwambia mama: « Weka jina ya bwana yako ku pasipoti, viza itatoka mbio. » Sisi tunasema: mama, usikubali.

Kwanza, Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa 2016, haiachi mtu kubadilisha jina kama vile anabadilisha kitambaa. Inaomba tribinali, na sababu ya haki. Watu kukuita « Madame Fulani » ku kanisa na ku soko ni adabu tu. Haigeuzi akte yako ya kuzaliwa.

Pili, hata kule unakoenda, wengi hawaombi jina ile. Ubelgiji, ndoa haibadilishi jina ya mwanamke. Québec, tangu 2 Aprili 1981, bibi na bwana kila moja anabaki na jina yake ya kuzaliwa. Ufaransa, jina ya bwana ni ya kutumia tu. Ile ya kuzaliwa haipotei. Marekani, bibi anaweza kuchukua jina ya bwana, na akte ya ndoa njo inatumika kama ushuhuda. Lakini ni hiari yake, na kule formulere zinauliza majina yote mtu alishatumia. Pale usifiche kitu: andika yote. Jina mbili zenye kuelezwa haziui dosie. Jina moja yenye kufichwa inaweza kuiua.

Tatu, tufikiri maisha ya kesho. Bibi anaondoka na diplome ya uuguzi yenye jina ya baba yake, na pasipoti yenye jina ya bwana. Akifika, atahakikishaje kama diplome ile ni yake? Na kama bwana anakufa, ao ndoa inavunjika? Atabaki katika inchi ya watu na jina ambayo si yake tena, mbali na tribinali ingeweza kumusaidia.

Wababa nao tuwaambie neno. Kuko bwana aliyefika kule wakati wa vita ao wa mateso, akajiandikisha na jina ingine, ao akasema hana bibi. Tunaelewa woga ule. Lakini siku anaita bibi yake, maneno ya siku ya kwanza yatatoka ndani ya dosie. Heri atafute avoka na asahihishe mbele, kuliko bibi asimame peke yake mbele ya maulizo ambayo hajui jibu yake.

Basi, tufanye nini? Ndoa ya kimila iandikishwe ku état civil bila kukawia. Sheria inaipa mwezi moja. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, na pale ni bure. Siku ya kutia saini, usione haya: omba karani akusomee majina herufi kwa herufi, na uweke akte ya kuzaliwa pembeni ya pasipoti. Ukikuta kosa, nenda tribinali ya amani kabla ya kupeleka dosie, si nyuma ya kukataliwa. Na usinunue karatasi ya uongo. Ile inafunga mlango hata kwa ndoa ya kweli.

Lakini mzigo wote tusiubebeshe raia. Herufi moja ambayo karani anasahau kwa dakika moja, jamaa inailipa kwa miezi. Kutoka Lubumbashi, Bukavu ao Goma, kufika Kinshasa ni kupanda ndege. Mtu hawezi kupanda mara mbili sababu ya « Mwamba » iliyoandikwa « Mwanba ». Tunaomba maburgumestri wasimamie vitabu vyao vya état civil, watie kule makarani waliofundishwa, na bei ya kila karatasi ibandikwe ku ukuta, wazi, ili yule mwenye kujua wa pembeni akose kazi.

Tulipewa majina na wazee wetu kusudi watu watutambue. Mwanamke anapofuata bwana yake mbali, tayari anaacha mama yake, lugha yake na jikoni yake. Tusimuombe aache na jina yake pia, hasa wakati hakuna sheria yenye kumuomba vile.