Mchele peke yake haukumwangusha Fayemi

Jumamosi tarehe 21 Juni, 2014, wapiga kura wa jimbo la Ekiti, kusini-magharibi mwa Nigeria, walimwondoa gavana ambaye wengi nje ya jimbo hilo walidhani haondoleki. Dakta Kayode Fayemi, mgombea wa chama cha APC, alipata kura 120,433. Ayodele Fayose wa chama cha PDP alipata kura 203,090. Tofauti ya kura zaidi ya 82,000 ni kubwa kwa jimbo dogo kama hilo, lakini lililowashangaza watu zaidi ni kwamba gavana aliyekuwa madarakani alishindwa katika halmashauri zote 16, ikiwamo ya Oye, ambako ndiko kwao.

Haukupita muda maelezo yakapatikana, nayo yalikuwa mepesi kuliko jambo lenyewe. Ilisemwa kwamba watu wa Ekiti wameuza kura zao kwa mchele. Msemo mpya ukaingia katika siasa za Nigeria: "miundombinu ya tumbo", maana yake kwamba barabara na majengo si kitu mbele ya mwenye njaa, na kwamba mwanasiasa mwerevu huanza kujenga matumboni. Ni kweli kwamba mchele uligawiwa. Hata hivyo maelezo hayo yana ubaya mmoja mkubwa: yanampendeza aliyeshindwa. Humwondolea haja ya kujiuliza swali lolote, na lawama yote humwangukia mpiga kura.

Ekiti si jimbo la watu wasiojua kusoma. Tangu lilipoundwa mwaka 1996 kwa kumegwa kutoka jimbo la Ondo, limekuwa na sifa Nigeria nzima kwa wingi wa maprofesa waliozaliwa katika vijiji vyake. Lakini halina visima vya mafuta wala viwanda vikubwa. Mwenye kazi ya mshahara huko, aghalabu, ameajiriwa na serikali: ni mwalimu, ni muuguzi, ni karani wa halmashauri. Mshahara wake haukomei nyumbani kwake. Huo ndio unaonunua mboga sokoni, unaomlipa fundi cherehani na mwendesha pikipiki, unaomsomesha mtoto wa ndugu. Kwa hiyo mwalimu akinung'unika Ado-Ekiti, mtaa mzima unanung'unika naye, na mwenye kutaka kujua sababu ya Fayemi kushindwa hana budi kuanzia darasani kabla ya kufika kwenye gunia la mchele.

Haitakuwa haki kumwita Fayemi gavana mvivu. Ni msomi aliyepata shahada ya udaktari katika taaluma ya vita King's College, London, na aliupata ugavana Oktoba 2010 kwa hukumu ya Mahakama ya Rufani, baada ya kudai kwa zaidi ya miaka mitatu haki yake katika uchaguzi wa mwaka 2007. Alitengeneza barabara. Alizifufua chemchemi za maji ya moto za Ikogosi ili ziwavute watalii. Wazee wa miaka 65 na zaidi waliosajiliwa walianza kulipwa naira 5,000 kila mwezi, jambo ambalo majimbo yenye fedha nyingi zaidi hayakuwa yamelithubutu. Hapa ndipo hoja ya tumbo inapoanza kupwaya, maana serikali hiyo nayo ilikuwa ikipeleka fedha mkononi mwa watu maskini, na bado ilishindwa.

Kilichomponza ni namna alivyowatendea wale ambao hakuna mpango wake hata mmoja ungefanikiwa bila wao. Mwaka 2012 serikali yake ilitaka walimu wafanye mtihani wa kupima uwezo wao. Nia ilikuwa na msingi, kwani matokeo ya wanafunzi katika mitihani ya kumaliza sekondari yalikuwa mabaya, na wazazi walikuwa na haki ya kuuliza kulikoni. Serikali ilieleza kwamba mtihani huo ni wa kujua ni mafunzo gani walimu wanayahitaji. Walimu hawakusadiki, wakaugomea.

Mtu asiyewahi kushika chaki anaweza kuuona mgomo huo kuwa ni woga wa wajinga. Lakini mwalimu aliyefundisha miaka 20 kwa vitabu vichache na darasa lililofurika, akiambiwa ghafla kwamba sasa atapimwa yeye, haoni mafunzo mbele yake. Anaona orodha ya majina ya watakaopunguzwa kazini. Serikali ingeweza kuanza na mafunzo, kisha ikapima. Ingeweza kukaa na chama cha walimu mpaka wakubaliane nani atasahihisha na matokeo yatatumiwa kwa lipi. Ilianza na kipimo, na toka siku hiyo kila waraka uliotoka ofisi ya gavana ulisomwa kwa jicho la wasiwasi.

Fayose aliujua udhaifu huo. Yeye naye hakuwa malaika. Alikuwa gavana tangu 2003 hadi Oktoba 2006, alipoondolewa na Baraza la jimbo kwa tuhuma za ubadhirifu. Lakini alipanda pikipiki za abiria, akala kibandani pamoja na wauza chakula wa barabarani, na kwa watumishi waliochoka kupimwa hakuhitaji kuahidi mengi.

Wako wanaosema kwamba uchaguzi wenyewe ulichezewa. Hoja hiyo isipuuzwe. Serikali ya shirikisho, iliyokuwa mikononi mwa PDP, ilijaza askari jimboni. Gavana Rotimi Amaechi wa Rivers alizuiwa njiani akienda kumfanyia Fayemi kampeni. Na mwaka 2015 ulitolewa mkanda wa sauti uliodaiwa kuwa wa wakubwa wakipanga na jeshi mambo ya siku ya kura. Hayo ni mazito. Ila majuma saba tu baada ya Ekiti, tarehe 9 Agosti, 2014, jimbo jirani la Osun lilipiga kura huku nalo likiwa limejazwa askari wa serikali ile ile. Huko Rauf Aregbesola wa APC alishinda kwa kura 394,684 dhidi ya 292,747. Fayemi mwenyewe alikubali matokeo siku moja tu baada ya kura, jambo lisilo la kawaida Nigeria. Chama chake ndicho kilichokwenda mahakamani, na mwaka 2015 kikashindwa huko pia.

Miaka minne ya Fayose ilitoa jibu lililo wazi zaidi kuliko hukumu yoyote. Aliteua msaidizi wa kushughulikia hiyo miundombinu ya tumbo, na sikukuu zilipofika aligawa mchele na kuku. Mishahara, hata hivyo, ilichelewa, ikalimbikizana miezi kwa miezi, na wazazi wakatozwa mchango wa elimu. Tarehe 14 Julai, 2018, naibu wake, Profesa Kolapo Olusola, alipata kura 178,121. Fayemi, ambaye walimu walimkataa mwaka 2014, alipata 197,459. Fedha zilisemekana kugawiwa siku hiyo na pande zote mbili, hata vituoni. Walimu na makarani waliosimama katika misururu hiyo walikuwa bado wanaidai serikali mishahara yao.