Bunduki yenye shaka nayo ina ushahidi wake

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, jeshi la Wahehe liliuvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kuusambaratisha. Zelewski mwenyewe aliuawa, na Wahehe wakaondoka na mizinga pamoja na bunduki zinazokadiriwa kufika 300. Tangu siku hiyo Nyanda za Juu Kusini hazijaishiwa bunduki zenye hadithi. Iringa bunduki kuukuu huitwa "ya Mkwawa", mtawala wa Wahehe wa wakati huo. Mbeya huitwa "ya Mjerumani". Mara nyingi hakuna hati wala shahidi. Je, bunduki ya namna hiyo itunzwe, au iende kuteketezwa pamoja na silaha haramu?

Kwa upande wa sheria, hakuna utata kuhusu kuiweka nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila mwenye silaha awe na leseni, na kitako kilicholiwa na mchwa hakimwondolei mtu wajibu huo. Serikali imekuwa ikitoa kipindi cha msamaha ili wananchi wasalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Jambo hilo ni jema. Kenya, mwaka 2016, iliteketeza bunduki 5,250 pale Ngong, na hakuna mwenye akili timamu aliyezililia.

Tatizo ni kwamba moto hauchagui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inauchukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vinavyolindwa kwa umri wake. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser, modeli ya 1871, imezaliwa baada ya mpaka huo, tena imetengenezwa Ulaya. Kwa hiyo umri peke yake hauiokoi. Lazima atokee mtu aamue kwamba inafaa kuokolewa, na hapo ndipo shaka inapoleta kigugumizi: tutunzeje kitu ambacho hatuna hakika nacho?

Mimi nasema kuna shaka za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotupoteza.

Ya kwanza ni shaka ya chuma. Mauser ya 1871 ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, ikitumia baruti nyeusi iliyofuka moshi mzito uliomfichua mpigaji. Kiwandani ilipigwa namba kwenye mtutu, kwenye bolti na kwenye sehemu nyingine. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hukagua namba hizo moja moja. Zisipolingana, bei huporomoka, kwa kuwa bunduki imeungwaungwa. Huko sokoni wana hoja. Lakini kwa historia yetu mambo yako kinyume. Bunduki iliyopigana miaka mingi mbali na kiwanda ilitengenezwa kwa kilichopatikana: bolti ya hii, kitako cha ile, waya uliofungwa penye ufa. Ikitoka Iringa ikiwa na namba zote zinazolingana na mbao inayong'aa, huenda ndiyo ya kuhojiwa zaidi. Mchanganyiko si kasoro ya ushahidi. Mara nyingine ndio ushahidi wenyewe.

Ya pili ni shaka ya hadithi, na hii haitaki huruma. Wahenga walisema lisemwalo lipo, ila kwenye historia lisemwalo lazima lipimwe. Bunduki ikiwa na chapa ya kiwanda ya mwaka 1911, haiwezi kuwa ilitekwa Lugalo miaka 20 kabla. Ikiwa na taji na herufi GR, ni ya Mwingereza wa zama za Mfalme George, hata kama ukoo mzima unaapa ni ya Mjerumani.

Hata hivyo ukoo huo huenda haudanganyi. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya zamani. Bunduki mpya zilikuja kwa meli ya Rubens, iliyofika Ghuba ya Manza karibu na Tanga mwezi Aprili 1915. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck liliteka kambi ya Wareno pale Ngomano, likachukua bunduki zao na kuendelea kupigana nazo. Jeshi hilohilo ndilo lililopita Njombe mwaka 1918, likavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini na kujisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Bunduki lilizokabidhi zilikuwa hasa za Waingereza na Wareno. Basi "bunduki ya Mjerumani" iliyoachwa njiani inaweza kuwa na nembo ya mfalme wa Ureno, na babu aliyeisimulia akawa amesema kweli tupu.

Kwa kitu chenye shaka kinachotunzwa kwa heshima tuna mfano wa karibu. Fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, lilichaguliwa na Gavana Edward Twining katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kupima umbo lake na kulilinganisha na vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Wapo wataalamu wanaotilia shaka uchaguzi huo hadi leo. Lakini kurudishwa kwake ni tukio la kweli, na heshima ya Wahehe kwake ni ya kweli. Mtu anaweza kuyaheshimu hayo yote na bado akaandika ukweli kwamba kipimo hicho kilikuwa na mipaka.

Wanaopinga wana hoja nzito: makumbusho yakijaa vitu vya kudhaniwa, mwanafunzi atashindwa kutofautisha historia na ngano. Ni kweli, ikiwa kibao kitaandikwa "Bunduki ya Mkwawa" na kuishia hapo. Dawa yake ni kuandika tunachokijua, kinachosimuliwa na kisichothibitishwa, kila kimoja mahali pake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Bunduki hizi zisikae uvunguni, zipelekwe polisi. Lakini kabla ya tanuri, afisa wa mambo ya kale aziangalie, apige picha chapa na namba, na aandike maelezo ya aliyeleta: imetoka kwa nani, imekaa kijiji gani. Zinazostahili ziondolewe uwezo wa kufyatua na zipelekwe makumbusho ya Kalenga au Boma la Iringa, na Mbeya nayo ipate mahali pake. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji agizo moja la maandishi kati ya polisi na Idara ya Mambo ya Kale, na litolewe wakati wazee wanaojua hadithi hizi bado wapo wa kuulizwa.