Picha Nyeusi na Nyeupe: Hazina Isiyo na Daftari

Aghalabu picha nyeusi na nyeupe hudhaniwa kuwa masalio ya uduni wa teknolojia. Dhana hiyo haina mashiko. Omar Said Bakor (1932–1993), mpiga picha wa Lamu, aliifanya kuwa sanaa: alikata na kuunganisha picha, akaziweka nyuso za watu ndani ya maua. Walioingia katika studio yake walitoka na sura waliyotaka kukumbukwa nayo.

Kaskazini mwa Lamu, huko Ijara, picha ina historia nyingine pia. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya, na hati ikawa ndiyo mwamuzi wa uraia. Picha ya studio humwonyesha mtu alivyotaka. Ya kitambulisho humwonyesha alivyotakiwa. Zote mbili ni ushahidi.

Kwa hivyo, Chuo Kikuu cha Garissa na Makumbusho ya Lamu hayana budi kushirikiana kuzikusanya picha zilizosalia majumbani, kutoka Lamu hadi Masalani na Hulugho, na kuyaandika majina ya waliomo wazee wanaowatambua wangali hai. Mali bila daftari huisha bila habari.